Nyuki wa Mjomba

Juzi mjukuu wangu aliniletea kamera kuukuu, akavuta kijichuma chake, nayo ikaanza kuvuma, zzzz. Nilijikuta nimeshasimama.

Alasiri ile ya utotoni kule Kibuta, ua wetu ulinuka makopa ya muhogo yaliyoanikwa. Mama alivaa kanga mpya, nami miguu ilikuwa ikiniwasha kwa kusimamishwa kando yake tupigwe picha.

"Tulia basi, mwanangu!"

Mjomba, aliyekuja kutoka mjini na kamera ya kuazima, aliisimamisha juu ya kinu, akavuta kijichuma. Ikavuma. Papo hapo akatimua mbio kuja kwetu.

Kwetu mtu mzima akikimbia na nyuma yake kunavuma, huulizi. "Nyuki!" nikapiga kelele, nikachomoka kuelekea kwenye mihogo. Nyuma yangu nikasikia tak.

Sikujua kwamba mle ndani ya kamera mlikuwa na kisaa cha kumsubiri mjomba, ili naye aingie pichani.

Picha hiyo ninayo. Mjomba anacheka, mimi ni ukungu tu pembeni. Mama, ambaye hakupigwa picha nyingine maishani, amenigeukia mimi, mkono kaunyoosha.

Wajukuu wakiniuliza mama yangu huyo alifananaje, nawaonyesha kisogo chake.