Nyota mkia iliyolikosa jina la Nchagwa

Saa kumi na nusu alfajiri, Wegesa Nchagwa anafungua mlango wa jikoni, na ng'ombe wake wawili wanainuka zizini wakidhani zamu yao ya kukamuliwa imefika. Haijafika. Mama huyu anawapita, darubini ikiwa shingoni, anasimama nyuma ya migomba na kutazama mashariki.

"Wakilia nawaambia subirini, nina wageni," anasema na kucheka. Hakuna anayecheka naye, na kicheko kinakatika mapema.

Wageni wenyewe ni nyota mkia. Nyingi hung'aa zikilikaribia jua, hivyo huonekana chini kabisa karibu na upeo, kwa muda mfupi kabla ya kupambazuka. Wegesa anatafuta moja tu, ambayo hakuna mwanadamu aliyeiona kabla yake.

Ana miaka 52. Ni mkulima wa ndizi katika kata ya Nyamwaga, wilayani Tarime, na huuza maziwa yasiyozidi lita sita kwa siku. Darubini hiyo ya macho mawili aliachiwa na mumewe, Nchagwa Kisyeri, dereva wa watalii Serengeti aliyefariki miaka minane iliyopita.

"Yeye ilikuwa ya kutafutia simba. Akija likizo tunatazama mwezi, tunabishana mpaka usingizi. Akafa. Nikabaki na mwezi, wa kubishana naye hakuna."

Hawakujaliwa mtoto, na kwa Wakurya jambo hilo halibaki la watu wawili. Kila mavuno shemeji yake, Simioni, huja na neno lile lile: Wegesa aoe. Desturi ya nyumba ntobhu inamruhusu mjane asiye na mtoto kutoa mahari na kuoa binti, ili watoto watakaozaliwa waitwe kwa jina la marehemu.

"Shemeji, jina la kaka linazimika hivi hivi tunaliangalia," Simioni humwambia.

Wegesa hana ugomvi na desturi. Shangazi yake aliolewa hivyo hivyo, na wanawe leo ni watu wazima wenye miji yao. "Mimi ndiye nilishindwa. Nikimfikiria binti wa watu anakaa hapa ananitazama nikimlilia mtu asiyemjua, naona nitamwonea."

Ndipo simu ikamletea jambo jipya. Aliunganishwa na kundi la WhatsApp la watazama anga, linaloongozwa na fundi redio wa Mugumu, Vedasto Tomaso. Humo alisoma kwamba nyota ikilipuka, hata uwe wa kwanza kuiona, itapewa mwaka na herufi tu. Lakini nyota mkia huweza kupewa jina la mwisho la aliyeigundua.

"Nilisoma tena na tena. Nikasema, kumbe! Nchagwa anaweza kuwa na mtoto huko juu!"

Basi akaanza kuamka mapema. Tarime, mtu anayezubaa nje gizani ni mwizi wa ng'ombe au ni mchawi, hakuna namna ya tatu. Amewahi kupigiwa yowe na kijiji kizima kikatoka na mapanga. Siku hizi yowe hawapigi. Wakikutana naye kisimani wanamsalimu juu juu na kuinamia ndoo zao.

Julai mwaka jana aliona doa la ukungu mahali ambapo ramani ya simu haikuonyesha kitu. Kesho yake doa lilikuwa limesogea. Nyota hazisogei namna ile. Wegesa alikaa chini kwenye umande.

Hakumpigia mtu. "Ningemwamsha nani saa ile?" Akatuma taarifa kwa wakusanyaji wa habari za anga nje ya nchi, kwa Kiingereza cha kuokoteza. Akaandika tarehe, upande na saa. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini, akaandika 10:40, kama wengi wetu tungeandika.

Jioni majibu yakaja, mafupi na ya adabu: kwa saa uliyotaja, huko kwenu jua limekwisha kuwa juu. Asante.

"Mimi nilijua jua lilikuwa halijatoka. Nikaona wananicheka, wamenidharau mshamba. Nikazima simu."

Alipoiwasha siku kadhaa baadaye, kundi lilikuwa linashangilia. Nyota mkia mpya imepatikana, pale pale alipoelekeza yeye, ikiwa na jina la bwana mmoja wa nchi ya mbali. Ndipo akampigia Vedasto.

"Nikamwambia, mama, hebu nisomee ulichowaandikia," anakumbuka Vedasto. "Aliposoma saa, nikajua kosa liko wapi. Saa kumi ya wenzetu ni saa nne yetu asubuhi! Ng'ombe wameshafika malishoni. Angenionyesha kwanza, ningemrekebishia pale pale."

Hapo ndipo panapouma, na mwandishi wa makala haya hana dawa yake. Katika nyumba yenye watu wawili, mmoja angechungulia simu na kuuliza, saa kumi ipi?

"Ukiishi peke yako unazoea kujijibu," anasema Wegesa. "Unajiuliza, iko sawa? Unajijibu, iko sawa."

Nyota hiyo ilikuwa bado inaonekana siku mama mkwe wake, Bibi Ghati, alipojikongoja mpaka migombani. Ana miaka zaidi ya themanini, na macho yake yanaona vitu vya mbali kuliko vya karibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unatafuta nini huku kila siku, mwanangu?"

Wegesa akamshikia darubini. Bibi akatazama, akaguna. "Ina mkia! Inaitwaje?"

"Nchagwa."

"Nchagwa wangu?"

"Huyo huyo, mama. Wameipa jina lake."

Bibi Ghati alilia huku darubini ikiwa machoni, akakataa kuiachia mpaka kulipokucha. Tangu hapo amemsimulia kila mtu kanisani, na Simioni ameacha kuja na habari za kuoa. Ameacha kuja kabisa.

Je, makala haya yakitoka? Wegesa anainua mabega. Bibi hasomi magazeti. "Simioni akisoma atakuja kunigombeza. Si kitu. Atakuwa amekuja."

Siku hizi hatumi taarifa kabla Vedasto hajaisoma, hata iwe alfajiri namna gani. Bado anatafuta, na ana haraka ambayo hakuwa nayo mwanzo.

"Mama amezeeka," anasema, akitazama nyumba ya pili, ya Bibi Ghati, ambako taa haijawashwa. "Lazima nipate nyingine akiwa hai. Nisije nikamzika nikiwa nimemdanganya."