Jiwe la Mfalme Mtoni Jukskei

Mama yangu alikuja Johannesburg kutoka Kalemie, kwetu kando ya ziwa, na ombi moja: abatizwe kabla hajarudi. Nikamwambia kanisa letu la Bellevue lina bwawa la plastiki, hujazwa uani kwa mpira wa maji. Akasonya.

"Miye sitaki ile beseni. Mayi yenye kutembea njo inabebaka zambi."

Mtu wa ziwani humwambii kitu kuhusu maji. Ikapangwa Jumapili, mtoni Jukskei.

Wiki hiyohiyo mteja wangu Mkorea alikuja kuchukua gauni lake. Mimi ni fundi cherehani. Alipoona futi ya kupimia shingoni mwangu alicheka, akanionyesha picha kwenye simu: nguzo ya jiwe, ndefu kuliko yeye, imechongwa mistari chini hadi juu. Akanieleza kwamba zamani mfalme wao aliamuru kijito cha mji mkuu kipimwe. Kwanza walisimika nguzo ya mbao, baadaye ikaja ya jiwe. Mgongoni ilikuwa na alama tatu za mviringo: ukame, maji ya kawaida, hatari.

Nilisahau gauni. Wafalme ninaowasikia hujijengea majumba. Huyu alitaka kujua maji yamefika wapi! Futi kama yangu, ila ya jiwe, ikasimama mtoni vizazi na vizazi bila kuchoka. Mwili ulinisisimka. Nilijiona mdogo, na kazi yangu nikaiona kubwa.

Jumapili nikabeba mpini wa ufagio, nimeufunga vitambaa vitatu: kijani chini, njano katikati, nyekundu juu. Nikaukita pembeni mwa maji. Mchungaji alicheka akashika mbavu.

"Eish, Maman! Umetuwekea robot mu mto? Angalia mbingu, hata wingu hakuna."

Robot, huku, ni taa za kuongozea magari. Nilinuna, ila mpini sikuung'oa. Mbingu ilikuwa safi kweli. Lakini ziwa letu hupanda polepole, mtu akapata nafasi ya kuhamisha hata kuku. Kwamba mvua inaweza kunyesha mbali, upande wa juu wa mji, na mto ukaileta ghafla, sisi hatukuzoea kulifikiria.

Mama alisimama na kanzu nyeupe, maji magotini, akingoja zamu yake. Watu wakiimba, kitambaa cha kijani kikazama. Nikafikicha macho. Cha njano nacho kikazama.

"Tokeni! Tokeni kwa mayi!"

Nilipiga kelele katikati ya sala, na kwetu hiyo ni aibu kubwa. Mchungaji alifumbua macho kwa hasira, akaona maji yanagusa nyekundu. Akamshika mama mkono mmoja, mimi wa pili, wengine wakatufuata mbio.

Tulikuwa tumefika juu ya ukingo mto uliposhuka mzima, umejaa matope, umebeba matairi na godoro. Pale aliposimama mama hapakuonekana tena. Mpini ulikwenda. Hakuna aliyecheka.

Jumapili iliyofuata mama aliingia kwenye bwawa la plastiki bila kusonya. Mchungaji alipotaka kuanza, mama akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Mutoto yangu, pima."

Nikavua futi shingoni, nikaichovya mpaka chini.

"Yanatosha, mama."

Akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa sauti kwa ajili ya yule mfalme wa Korea niliyemsimulia, asiyemjua hata jina. Kisha akazamishwa. Alipoinuka, akipiga chafya, nililia kama mtoto.