Joka Langu Limekemewa Ofisini

Leo bosi amekemea pepo kwenye joka langu huku akilivunja.

Joka lenyewe lilikuwa linaenea kiganjani. Nililifinyanga kwa ile gundi ya mafundi wa mabomba inayokandwa kama udongo, magamba nikayachora moja moja kwa sindano. Leo mchana nikalipaka rangi ya kijani, nikaliacha dirishani likauke.

Madam akaingia.

"Brian, hii nyoka ni ya nani?"

"Yangu, Madam. Ni sanaa tu."

"Sanaa? Shetani ameingia ofisi yangu na mabawa, unaniambia sanaa? Shika hiyo pipa ya taka!"

Bado niko kwenye majaribio kazini. Nikashika pipa.

Akaita ofisi nzima, tukafumba macho, akakemea huku akilivunja. (Simba wa shaba aliye mezani kwake hakukemewa!)

Tulipofumbua macho, viganja vyake vilikuwa kijani kabisa.

"Uuui, damu ya joka!" Wanjiru wa mapokezi akapiga kelele.

Nikakimbia kumletea Madam tishu.

Nina hasira, na si kwa Madam peke yake. Jamani, niambieni: aliposema "Semeni Amina," kwa nini sauti yangu ndiyo iliyosikika kuliko zote?