Fromaji ya Mukashema na kipimo cha ulimwengu

Mukashema wa kijiji cha Muheto alikuwa anapima moto ya maziwa ya fromaji, ni kusema jibini, kwa kiwiko tu. Moto ikizidi kidogo, fromaji inakuwa mpira. Ikipungua kidogo, inabaki uji. Tena wanasema siku moja aliingiza kiwiko mu chungu, akatangaza kwamba ng'ombe iliota ndoto mbaya. Waliuliza ng'ombe, haikukataa.

Kwa hiyo, wakati mwalimu Isidore, mwenye kufundisha fizike, alipoanza kufariji watu wa kijiji kule porini walikokimbilia, yeye njo alielewa. Ilikuwa vita ya 2007, siku ya ine wanajificha na mvua inawapiga. Isidore akasema nguvu yenye kuvuta vitu chini, kama ingeongezeka kipimo kidogo, jua ingekwisha kuungua zamani. Ingepungua, jua isingewaka hata.

"Mama, vyote vilipimwa ili tuishi."

"Kupimwa, naamini," Mukashema akajibu, huku anabandua ruba kwa shingo. "Lakini ili nani aishi?"

Roho yake ilikuwa kwa fromaji kumi na sita alizoacha nyumbani. Hakukuwa kitu kingine cha kulisha wajukuu saba.

Waliporudi, harufu iliwapokea barabarani, mbali na nyumba. Watu wa bunduki walilala mule, wakala, kisha wakageuza chumba cha fromaji kuwa choo. Masalio ilikuwa inatembea yenyewe: funza wanene, weupe, wameshiba mpaka wanapiga mbweu. Mukashema akatema mate, akashika mwalimu mukono, akamuinamisha karibu.

"Angalia huyu. Fromaji iko laini vile anapenda. Joto iko sawa. Giza iko sawa. Unazani anasema nini?"

Isidore alifunika pua. "Mama, funza hasemi."

"Anasema, vyote vilipimwa ili niishi! Ananenepa na anashukuru. Pfu!"

Akaendelea kupekua, midomo imekunjwa, mpaka nyuma ya gunia moja akapata fromaji nzima, ngumu, safi. Isidore akasahau harufu, akainua mikono.

"Umeona, Mama? Hii ilibaki kwa ajili yetu!"

"Hata wale walikula zingine walisema vile."

Akaipangusa kwa kitenge, akaikata vipande saba. Wajukuu wakavila inje, penye hewa. Mwalimu alipewa ganda, na jembe ya kutoa mavi.