Taa ya Futari ya Jaffar

Jaffar, fundi redio wa Kibokoni, hakupenda watu, nao hawakumpenda. Ramadhani ya mwaka tisini na nane aliufungia msikiti kibao chenye chipu, kompyuta nzima isiyoishinda tende kwa ukubwa, ambayo hutii neno kwa neno inaloandikiwa: Magharibi ikifika, iwashe taa watu wafuturu. Ikifaulu, Fahmi mwadhini, aliyemwita mchawi, angenyamaza.

Jaffar akaandika kumi na mbili na nusu, kama asemavyo kila siku. Chipu ilihesabu saa za Kizungu. Taa ikawaka Adhuhuri, jua utosini.

“Haya, fundi,” Fahmi akauliza mbele ya safu nzima, “tule, ama twangoja kompyuta yako ishibe kwanza?”

Jaffar akaking'oa kibao. Mtaani kote, hicho ndicho pekee kilichowahi kumtii. Akakikanyaga.