Nilipuuza kodi Sydney, adhabu yangu ikashuka airport na mabegi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Leo naanika aibu yangu hapa, bila chumvi. Mke wangu ni member humu, kwa hiyo hata nikitaka kudanganya siwezi.

Naishi Bankstown, naendesha forklift kwenye warehouse moja huko Ingleburn. Weekend nilikuwa napeleka vyakula vya watu kwa gari langu.

Huku kila mwaka unatakiwa kufile tax return, yaani kupeleka mwenyewe hesabu za kipato chako ofisi ya kodi. Mimi nikajiambia, kodi si wanakata kwenye payslip? Nikafile nini tena? Kwetu mtu wa kodi ukimwona kwa mbali unafunga duka. Iweje nimfuate mwenyewe?

Miaka ikapita. Simu zikaanza, watu wanasema wanatoka ofisi ya kodi.

Nikamuuliza Papa Fiston, rafiki yangu Mkongo wa kazini. Akasema, "Ndugu yangu, ile ni ma-voleur tu. Kata!"

Na kweli, matapeli wanaojifanya watu wa kodi huku wamejaa. Nikawa nakata. Siku moja akapiga mama mmoja mpole, nikamhubiria kwa Kiingereza cha kanisani kwamba aache wizi amrudie Mungu. Akanishukuru, wakuu. Akasema ataandika kwenye file langu.

Mara Neema, mke wangu, akapata ujauzito wetu wa kwanza.

Mama yangu yuko Tabora. Alianza kufungasha siku ileile. Akanunua khanga za mjukuu, akawaaga wanakwaya wenzake wote. Nilitaka aje yeye amkande Neema, amwogeshe mtoto, anione na mimi nimekuwa baba. Nilitamani hilo kuliko kitu chochote.

Sasa kumwombea visa, nikatakiwa nioneshe kipato changu kama kinavyojulikana ofisi ya kodi. Sina hata karatasi ya mwaka mmoja!

Nikakimbilia kwa mhasibu. Kumbe yule mama niliyemhubiria alikuwa mtu wa kodi kweli. Hela za weekend hazikuwa zimekatwa chochote, kwa hiyo nikawa na deni, na juu yake faini ya kuchelewa. Nikapangiwa kulipa kidogo kidogo.

Nikamrudia Fiston kwa hasira. "Na wewe si hulipi?"

"Mimi? Apana! Madame yangu anafanyaka kila mwaka."

Deni ningelivumilia. Tatizo, makaratasi yalichukua muda, na mimba haisubiri makaratasi.

Nikampigia mama. Akasema, "Haya mwanangu. Khanga nitampa atakayekuja." Nililia kwenye parking ya kazini, sifichi.

Na aliyekuja sasa! Shemeji yangu, kaka yake Neema, ni nurse hukuhuku, na kufile anafile mapema kama mtu anayewahi siti kanisani. Akamwalika mama yake, afikie kwetu amlee Neema na mtoto.

Yaani mama mkwe wangu.

Wakuu, kwetu mkwe hamkai chumba kimoja, hampishani mlangoni, humwangalii usoni. Na yule mama ni wa zamani, hataki mzaha na mila. Unit yetu ina chumba kimoja na choo kimoja.

Akiingia sebuleni, mimi natoka. Chakula nakulia balcony, kwenye baridi, na koti la kazini. Choo natumia cha shopping centre. Jirani akamuuliza Neema kwa huruma kama ndoa bado ipo.

Siku ya mkwe kuondoka niko balcony, nimewapa mgongo yeye na mtoto. Nikamsikia anamwambia mtoto, "Mjukuu wangu, mwambie baba yako heshima nimeiona, nimeridhika. Sasa alipe kodi, bibi yako wa Tabora naye aje akubebe."

Nilishindwa hata kugeuka.

Somo langu: kukatwa kwenye payslip si kufile. Na simu ukiitilia shaka, tafuta mwenyewe namba ya ofisi upige, usihubiri.

Mwaka huu nimefile mapema kuliko hata shemeji. Visa tumeomba, tunasubiri. Mkwe keshaondoka lakini bado najikuta nakulia balcony.

Mwenye mkasa wa kodi ugenini aumwage hapa, na mwenye kunicheka acheke tu, ni haki yake. Ila niombeeni hiyo visa itoke haraka. Jana mama kapiga, anauliza kama mjukuu bado anaogeshwa au ameshaanza kuoga mwenyewe.