Modemu Inavyobisha Hodi

Simu ya kwetu Mtongwe ilikaa juu ya kabati la vyombo, na haikuruhusiwa kuguswa bila sababu. Kaka yangu, ambaye ndiye ndugu pekee niliyezaliwa naye, alikuwa baharia katika meli ya mizigo. Mara ya mwisho alipopiga alisema yuko bandari moja ya Ghuba, mzima wa afya, na kwamba atapiga tena wakifika wanakokwenda. Akamalizia kwa kututania kama ilivyo ada yake: "Msiishughulishe laini." Baada ya hapo kimya. Wiki zikapita, na Mama akahamisha mswala wake akawa anaswali karibu na kabati.

Wiki ya Maulidi ndipo ilipoanza kuja simu ile. Ilikuja alasiri, jua bado kali, watu wamejinyosha majumbani na mtaa umepoa. Unainua, unasema haloo, hupati mtu. Hakikuwa kimya cha laini iliyokatika. Kilikuwa kimya cha mtu aliyezuia pumzi. Kisha kunatoka mlio mfupi, mwembamba. Kimya tena. Mlio. Kimya. Ukisema, husemeshwi. Baadaye inajikata yenyewe, na kesho yake au keshokutwa inarudi.

Mara ya kwanza niliipokea mimi, na malaika ya mikono yakanisimama. Mara ya pili aliipokea Mama. Nilimkuta amesimama na mkono wa simu sikioni, uso umetulia kabisa, anasema polepole, "Karibu, mwanangu. Karibu."

Nikamuuliza ni nani.

"Nduguyo," akasema. "Yuwabisha hodi. Humsikii?"

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na katika nyumba ya watu wawili hasira haina pa kwenda ila kwa yule mwingine. Nikamwambia hodi gani hiyo isiyo na sauti ya mtu. Akanijibu kwamba sauti imepita chini ya maji masafa yote hayo, itafika vipi nzima? Nilicheka. Lakini siku zilizofuata nikawa nachelewa kutoka kazini makusudi, ili alasiri inikute ng'ambo ya pili ya kivuko.

Kazi yangu ilikuwa ukarani katika afisi ya malori Changamwe. Intaneti ilikuwapo, ila katika chumba cha mkubwa peke yake, na chumba hicho hakiingiliki. Afisi ilipobadilisha kompyuta nikapewa moja kuukuu, nikaifunga shuka na kuivusha feri kama maiti. Nia yangu ilikuwa moja tu: niingie intaneti nyumbani, niwaandikie mawakala wa meli mmoja baada ya mwingine, mpaka apatikane wa kuniambia kaka yuko wapi. Kilichokosekana ni modemu.

Nilikwenda kwa fundi mmoja palepale Changamwe, mtu wa bara, mcheshi, dukani kwake hapakaliki kwa nyaya. Akanitolea modemu mbili. Moja ilikuwa kadi ya kuchomekwa ndani ya kompyuta. Ya pili ilikuwa kijisanduku cha kukaa mezani, chenye taa usoni na spika yake tumboni.

"Hii ya ndani ni poa, madam," akasema, "lakini haina akili yake, inakopa ya kompyuta. Na hiyo kompyuta yako ni mzee. Itachoka."

Nikamwomba anieleze kazi yenyewe inafanyikaje, maana sipendi kununua kitu nisichokijua. Mgala muuwe na haki umpe: alieleza vizuri, mikono yake ikisaidia pale Kiswahili chake kilipokwama. Kompyuta haijui ila maneno mawili, ndiyo na la. Waya wa simu nao haujui kubeba ila sauti, kwa kuwa uliwekwa kwa ajili ya vinywa na masikio ya watu. Modemu ni mkalimani baina yao. Upande huu inazigeuza ndiyo na la ziwe milio, na upande wa pili modemu nyingine inaigeuza milio irudi kuwa ndiyo na la. Kwa hivyo lazima wawe wawili. Modemu moja peke yake ni mtu anayezungumza na ukuta.

Kuhusu kasi, akaniambia nisidanganywe na kasha. Kasi iliyoandikwa juu yake ni ya waya wenye afya, na waya zetu za upande wa Likoni na Mtongwe zimeliwa na chumvi, viungio vimeota kutu ya kijani, na mvua ikinyesha zinachemka kama karai la mafuta. Modemu nyingine zinang'ang'ania mbio mpaka laini inaziponyoka. Nyingine, zikiona njia mbaya, zinapunguza mwendo na kuendelea. Nikachukua kijisanduku, kwa kuwa kilikuwa cha aina hiyo ya pili, na kwa kuwa ningeweza kukichomoa radi zikianza. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.

Siku nilipokiunganisha, Mama alikuja kusimama mlangoni, leso mdomoni. Spika ikatoa mlio wa laini, kisha nambari zikapigwa, kisha upande wa pili ukaitika kwa sauti moja ndefu, nyembamba. Ya kwetu ikajibu. Yakafuata makelele ya kupishana, ya kukwaruza, ya kupanda na kushuka, mpaka yakafikia mahali yakawa uvumi mtupu, na spika ikanyamaza. Wa siku hizi hawaijui sauti ile, intaneti yao inaingia nyumbani bila kusema neno. Yetu ilisalimiana kwanza, tena salamu za Mvita kamili, hujambo wewe na hawajambo waliokuzunguka, kila mmoja akimpima mwenzake aone atamudu kusema upesi kiasi gani.

"Hao ni kina nani?" Mama akauliza.

Ndipo nilipotambua. Ule mlio mfupi wa alasiri ulikuwa wa ukoo huohuo. Nikafurahi kuliko nilivyostahili. Nikamkalisha Mama kitandani nikamwambia, haya, nimekupatia jini wako. Ni modemu ya afisi fulani, imewekewa nambari iliyokosewa. Inapiga kwetu ikidhani inapiga kwa mwenzake. Mlio ule mfupi ndiyo hodi yake kweli, hapo hukukosea. Inabisha, inangoja, inabisha tena.

"Nami humkaribisha," Mama akasema.

"Haijui karibu. Inangoja mlio, Mama. Isipoupata, inakata ikaenda zake."

"Mlio gani?"

"Mrefu, mwembamba, usiopanda wala kushuka," nikasema, tayari nimeanza kuchoka. "Kama mtu anayepiga mbinja kwa midomo."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeelekezwa nyumba.

Nilidhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo yanaanza. Nyumba ilikuwa na laini moja, na laini ikiwa na modemu, simu haiingii. Kila nilipokaa kwenye kompyuta Mama alikaa nyuma yangu, tasbihi mkononi, na baada ya muda angeuliza, "Na akipiga sasa?" Nikimjibu kwamba namtafuta yeye huyohuyo, alisema, "Wewe wamtafuta. Yeye naye yuwatutafuta. Mtapishana ndiani." Nilimwambia twende tukabadilishiwe nambari, ili angalau ile mashine isitusumbue. Hapo alinigeukia kwa ukali ambao sikuwa nimeuona tangu baba afariki. Nambari hii ndiyo aijuayo, alisema. Ukiibadili umemfungia mlango.

Tukakubaliana niingie Jumamosi tu, kwa muda mfupi, na nikimaliza niseme kwa sauti kwamba nimemaliza. Niliandika kwa mawakala wa kila bandari niliyoweza kuifikiria. Wengi hawakujibu. Wengine walijibu kwamba hawana habari za meli hiyo. Wakati huo wote ile simu ya alasiri iliendelea kuja, na nilianza kuona kitu kisichonipendeza: ilikuwa ikija mara tu nikiiachia laini. Nilijua sababu. Modemu ikikuta laini imeshikwa hurudia kupiga, na hurudia tena, mpaka ipate nafasi. Ilikuwa imesimama nje ya mlango muda wote nilipokuwa ndani, inangoja nitoke. Nilijieleza hivyo kila mara, na kila mara shingo ilinipoa vilevile.

Jibu lilikuja Jumamosi moja baada ya swala ya alasiri, Mama bado yuko mswalani karibu na kabati. Laini ilikuwa mbaya siku ile, maneno yakawa yanashuka kwenye kioo mstari kwa mstari, yakisita. Wakala mmoja alisema anasikitika. Alisema walituma habari kwa anwani waliyopewa, akaiandika, nami nikaona ni ya nyumba tuliyohama zamani. Kaka alianguka baharini akiwa zamu. Meli iligeuka ikamtafuta mpaka kulipokucha na baada ya kukucha. Hakuonekana. Mwishoni palikuwa na tarehe, nikaisoma, nikaisoma tena. Ilikuwa mkesha wa Maulidi, kabla tu ya simu ile ya kwanza yenye mlio.

Nilikata mawasiliano. Sikusema kwa sauti kwamba nimemaliza. Taa za modemu zikazimika moja moja, na kabla sijainuka kitini simu ikalia chumba cha pili.

Nilisikia Mama akiinua. Nikaenda mpaka mlangoni, nikijiambia nimwache aiweke simu kwanza ndipo nimwambie. Alikuwa amenipa mgongo. Hakusema karibu.

Alipiga mbinja.

Mama huyu, aliyenifinya midomo utotoni kila nilipopiga mbinja ndani ya nyumba, kwa kuwa inawaita wasioonekana, alisimama mbele ya kabati akapiga mbinja ndani ya simu, ndefu, nyembamba, haipandi, haishuki. Haikuwa ya kubahatisha. Ni dhahiri alikuwa amejizoeza siku hizo zote nilipokuwa Changamwe, peke yake nyumbani, mpaka akaipata. Alipiga hadi pumzi zikamwishia. Na kutoka kwenye simu, nikiwa palepale mlangoni, nikasikia ikimjibu. Haukuwa tena ule mlio mfupi. Ilikuwa sauti pana, ya kukwaruza, kama mchanga unaomwagwa juu ya mabati.

Ninajua ni nini kilichotokea. Mashine ile ilikuwa imepata mlio iliokuwa ikiungoja, au unaoukaribia, ikadhani imemfikia mwenzake, ikaanza salamu zake. Ningeweza kumweleza hata mtoto. Miguu yangu lakini haikuwa imeelezwa, na ilikataa kusogea.

Mama akageuka. Machozi yalikuwa yakimtiririka na alikuwa akitabasamu.

"Kaitika," akasema. "Ndoo hapa, ushike simu. Yuwataka kusema nawe."

Nikaenda, nikashika. Sauti ile ilinijaa sikioni, ikapanda, ikayumba, ikawa nyembamba. Ilikuwa imekaribishwa na sasa inangoja salamu zilizobaki, na hapakuwa na wa kuijibu. Nilijua itakata. Nilijua pia kwamba kaka alipokuwa akiniita kutoka uani, hata niwe nimenuna vipi, sikuwahi kumwacha bila jibu.

"Abee, kaka," nikasema.

Ikakatika. Mama alikuwa amenikazia macho, mikono yote miwili ameishika kifuani.

"Kasemaje?" akauliza.

Nikaiweka simu, nikaichukua ile mikono yake nikaishika.

"Kasema asomewe hitima, Mama."